Kiti Kilikuja, Mlango Ukakataa

Siku kiti changu cha kwanza cha magurudumu kilipoletwa Kayole, Nairobi, ploti nzima ilitoka nje. Ilikuwa Jumapili alasiri, mwaka wa 2018. Wafadhili walikuja na gari, wakakishusha kikiwa bado kimezungushiwa nailoni, wakaniomba nikikalie pale getini, wakapiga picha. Mama alilia. Nami nililia. Nilikuwa nimelala miezi saba tangu nianguke kutoka ghorofa ya tatu ya jengo tulilokuwa tukilijenga, na muda huo wote kila nilipotaka kuliona jua ilibidi wanaume wawili wanibebe.

Gari lilipoondoka, shemeji akanisukuma kurudi ndani. Kiti kikagonga fremu ya mlango. Akarudi nyuma, akajaribu kwa pembeni, kikagonga tena. Nilifanya kazi ya uashi miaka kumi na minne, kwa hiyo nikamwambia anitolee tepu kwenye begi langu la kazi, lile ambalo hakuna aliyethubutu kuligusa tangu niumie. Kiti kilikuwa na upana wa inchi 26, kutoka duara la kushikia la gurudumu moja hadi la pili. Mlango ulikuwa inchi 27, lakini ubao wake ukifunguka unakula inchi mbili upande wa bawaba, zinabaki 25. Inchi moja tu. Mlango wa choo, kule mwisho wa korido, tulipima tukapata 22, na mbele yake kuna kidato cha kuzuia maji.

Jioni ile niliingia kwangu nikiwa mgongoni mwa shemeji. Kiti kililala nje, kimefungwa mnyororo kwenye nguzo ya tangi la maji.

Tangu siku hiyo nimeona viti vingi vikitolewa, na nimeingia katika nyumba nyingi za waliopewa. Vingine vinaanikiwa nguo. Kimoja nilikikuta Dandora kimewekewa mtungi wa gesi. Wenyewe si watu wa kudharau msaada. Kiti chao kimekataliwa na mlango, au na ngazi, au na tope la kutoka nyumbani hadi steji. Fedha za kuwasaidia watu wenye ulemavu hapa kwetu zimepangwa zimnunulie mtu kitu. Ile inchi moja inayobaki hakuna anayeilipia.

Na si kwamba jambo hili halijulikani. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika kila mahali kwa njia inayofaa, pamoja na usafiri wa umma na habari. Aya mbili chini yake, inampa haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake. Nimeisoma ibara hiyo mara nyingi usiku. Mahali pametajwa kabla ya kifaa.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2008 kuhusu viti vya magurudumu kwa nchi zisizo na uwezo mkubwa, lilitaja hatua nane: mtu aelekezwe na kupewa miadi, apimwe, aandikiwe kiti kinachomfaa, fedha zipatikane na kiti kiagizwe, kiti kitayarishwe, akalishwe na kurekebishiwa, afundishwe kukitumia, na mwisho afuatiliwe na kiti kikarabatiwe. Fedha ni hatua ya nne. Mimi nilianzia hapo kwenye ya nne na kuishia hapo hapo. Hakuna aliyenipima nyonga wala kuuliza ninakaa nyumba ya namna gani. Kiti kilikuwa kipana kwa mwili wangu uliokuwa umekonda, nikawa nakaa nimeegemea upande mmoja ili mkono ufikie gurudumu. Miezi mitatu baadaye nilikuwa na kidonda. Mtu asiyehisi makalio yake hajui kidonda kinapoanza; mke wangu ndiye aliyeona doa kwenye shuka. Kilinirudisha hospitalini wiki sita, na gharama ya wiki hizo sita ingenunua mito mizuri ya kukalia sijui mingapi.

Nilipokuja kupimwa na mtu anayeijua kazi yake, kiti kilichonifaa kilikuwa na upana wa inchi 23 na nusu. Kingepita mlangoni siku ya kwanza.

Sasa niseme kuhusu rampu, maana hizo nazijua kwa mikono yangu.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukitaka kupanda inchi moja, nenda mbele inchi kumi na mbili. Sisi wa futi na inchi tunaikumbuka kwa urahisi zaidi: inchi ya kimo, futi ya urefu. Mlango wa ploti yetu una vidato viwili vya inchi saba saba. Kimo ni inchi 14, basi rampu ni futi 14. Lakini kutoka vidatoni hadi getini kuna futi tisa tu. Hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibika: watu wanamwaga zege katika zile futi tisa, au sita, wanasema rampu ipo. Ukipanda mteremko kama huo magurudumu madogo ya mbele yanainuka, unaanguka chali. Nimeanguka hivyo mara mbili, mara moja nje ya ofisi niliyokuwa nimeiendea kuomba msaada.

Na lazima niseme hili pia. Rampu za namna hiyo nimezijenga mimi. Mwaka wa 2014 tulikuwa tunamalizia jengo la maduka, msimamizi akatuambia tuweke rampu kabla mkaguzi hajaja. Nafasi ilikuwa ndogo. Niliiweka kwa mwinuko ulioingia pale, nikaipiga kwa mwiko wa chuma mpaka ikang'aa, nikaona nimefanya kazi safi. Zege linaloteleza hivyo, mvua ikinyesha, ni sabuni. Nilirudi kwenye jengo hilo mwaka wa 2019 nikiwa kwenye kiti, nikashindwa kupanda. Mlinzi alishuka akanisukuma, na tulipofika juu akihema akaniuliza kwa upole, "Kwani ni nani alijenga kitu kama hiki?" Nilimwambia ni mimi. Hakujua aseme nini, nami sikujua.

Ya nyumbani niliichora mwenyewe nyuma ya karatasi ya kalenda. Futi saba kufuata ukuta, sehemu bapa ya kugeukia ya futi tano kwa tano, kisha futi saba kurudi mlangoni. Juu ipigwe ufagio zege likiwa bichi, ili gurudumu lishike. Pembeni iwe na ukingo wa inchi tatu ili gurudumu lisitoke. Ilimaanisha kuhamisha mapipa ya maji ya wapangaji wanne na kamba ya nguo.

Mzee mwenye ploti alikataa miezi minne. "Fundi, siku ukihama, mimi nitaifanyia nini?" aliniuliza, na sikumchukia kwa swali hilo. Ploti ni yake, nafasi ni yake, na hakuna aliyekuwa amemwahidi hata shilingi ya kumfuta jasho. Aliyemgeuza ni shosho wa nyumba namba sita, ambaye magoti yalikuwa yamemchosha na vidato vile alivishuka kwa kukaa na kujisogeza kimoja kimoja. Alimwita mzee akamwambia, "Mwanangu, hiyo njia hata mimi naitaka." Kesho yake nikapigiwa simu nianze.

Wenzangu wa mjengo walikuja Jumamosi mbili bila kudai malipo ya siku. Mimi nilikaa kwenye kiti na pimamaji mapajani, nikawa msimamizi. Simiti mifuko saba, mchanga, kokoto, mawe ya kujazia, chai na chapati za watu watano: shilingi 13,600. Kupanua mlango wangu na kuugeuza ufungukie nje: 9,200. Jumla 22,800. Karatasi niliyotia sahihi siku ya kupokea kile kiti ilionyesha thamani yake ni 28,000. Kwa maana hiyo, kilichokosekana ili kiti cha 28,000 kiwe na faida kilikuwa pungufu ya bei ya kiti chenyewe.

Pesa hizo nilizichanga kwenye kikundi chetu cha WhatsApp, na hapo niliona jambo lililoniuma. Watu walewale waliotuma M-Pesa usiku uleule nilipokuwa nalazwa, safari hii walisoma na kunyamaza. Mlango haupigwi picha. Ilinichukua wiki tisa kufikisha 22,800.

Choo kilisubiri mwaka mwingine. Mwaka huo wote nilitumia ndoo katika chumba tunacholala na watoto. Sitaandika zaidi ya hapo.

Wengi wananiuliza pesa ziko wapi, kwa hiyo nieleze ninayoyajua. Kila kitu kinaanza na usajili. Unapimwa katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa kwa kazi hiyo, kisha unasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, lenye makao yake Waiyaki Way, kwenye uwanja wa Kabete Orthopaedic ng'ambo ya ABC Place, unapewa kadi. Usiidharau kadi hiyo, mengine yote yanaipitia. Baraza lilianzishwa na sheria ya mwaka 2003, na chini yake kuna Hazina ya Kitaifa ya Maendeleo ya Watu Wenye Ulemavu. Hazina hiyo inatoa vifaa saidizi, inasaidia karo za wanafunzi, inatoa ruzuku kwa vikundi vya biashara, na inasaidia taasisi kama shule kwa majengo na vifaa. Kuna fedha za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya zenye uhitaji, shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kaya yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Mwenye mshahara akishapata cheti cha msamaha, shilingi 150,000 za kwanza za kila mwezi hazitozwi kodi ya mapato. Utaratibu huo upo tangu 2010. Na anayeagiza kifaa au gari lililotengenezwa mahususi kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu anaweza kuombewa msamaha wa ushuru wa forodha chini ya sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kuna pia mashirika ya kujitolea. APDK, yaani Association for the Physically Disabled of Kenya, limekuwa likihudumia wenye ulemavu wa viungo hapa nchini tangu 1958, na lina karakana za viti.

Yote hayo nayatetea, na ningependa yaongezwe. Lakini yatazame tena ukiwa umekaa mahali nilipokaa. Shule inaweza kuombewa rampu. Chumba changu cha kupanga Kayole hakina fomu. Msamaha wa kodi ni neema kwa aliye na hati ya mshahara. Fundi wa mjengo analipwa jioni mkononi, na ndiye anayeanguka kutoka ghorofani. Zile 2,000 zinaishia kwenye mipira ya mkojo na glavu kabla mwezi haujafika katikati. Hata ile sheria ya 2003 ilimruhusu mwajiri binafsi aliyerekebisha jengo kwa ajili ya mfanyakazi mwenye ulemavu kuomba apunguziwe mapato yanayotozwa kodi kwa kiasi sawa na nusu ya gharama. Katika miaka kumi na minne ya kujengea watu, sikuwahi kumsikia mwajiri hata mmoja akilitaja jambo hilo.

England wanayo ruzuku iitwayo Disabled Facilities Grant. Halmashauri inaweza kulipa hadi pauni 30,000 kupanua milango, kujenga rampu, kuweka bafu lisilo na kizingiti. Kwa kawaida mtaalamu anakuja nyumbani kwanza, anaona mtu anavyoishi, ndipo kazi inapangwa. Na mpangaji anaweza kuiomba, si lazima uwe mwenye nyumba. Niliposoma hapo pa mpangaji nilisimamisha simu kifuani nikakaa kimya muda mrefu. Sidai pauni. Nilihitaji shilingi 22,800 na mtu mmoja wa kuja na tepu.

Kisha kuna matengenezo, ambayo hayamo katika hotuba yoyote niliyowahi kuisikia. Vumbi la mitaa yetu linakula bearingi za magurudumu ya mbele. Tairi la nyuma la kiti changu lilipopasuka, limeandikwa 24, nilimtuma kijana wangu anunue la baiskeli ya watoto la 24. Lilikataa kuingia. Ndipo nikajua kwamba 24 ya kiti cha magurudumu na 24 ya baiskeli ile ya watoto ni rimu mbili tofauti kabisa: moja ina kipenyo cha milimita 540, nyingine 507. Siku kumi na moja nilikaa ndani nikisubiri tairi. Fundi mmoja wa kuchomelea kule Kariobangi Light Industries ndiye aliyeniokoa: alibadilisha ekseli akanifungia magurudumu ya kawaida ya baiskeli, ambayo tyubu yake unaipata kwenye kila kona ya Nairobi. Kiti kikawa kipana kidogo tena, nikapima mlango upya kabla hajachomelea. Anayetoa kiti leo angefanya wema mkubwa kama angeuliza swali moja: tairi hili linauzwa Kayole?

Hali ni ileile kwa vifaa vingine. Rafiki yangu asiyeona anatumia NVDA, programu ya kusomea kompyuta kwa sauti iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, na haiuzwi, ni bure. Lakini kompyuta si bure, bando si bure, na aliyemfundisha kuitumia alisafiri kutoka Thika kila wiki kwa nauli ya mfukoni mwake. Nauli hiyo ungeiandika katika fomu gani?

Nauli yenyewe ina habari yake. Kutoka Kayole hadi Waiyaki Way ni matatu mbili. Makanga mwema anakubeba, anakunja kiti anakiweka nyuma, anakutoza mmoja. Asiye mwema anatoza kiti kama abiria, au anamwambia dereva "twende" kabla hujafika mlangoni. Siku ya kwenda ofisini na kurudi, pamoja na kijana wa kunisaidia na chakula chake, sijawahi kuimaliza chini ya 1,000. Anayemwambia mtu "njoo tena wiki ijayo, mwenye kutia sahihi hayupo" angejua kwamba amempokonya nusu ya Inua Jamii ya mwezi huo.

Mei 2025 Rais alitia sahihi Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Mswada wake ulipelekwa Seneti na Seneta Crystal Asige, ambaye mwenyewe ana ulemavu wa kuona. Nilifurahi, na bado nina furaha hiyo. Sheria hutembea kwa kanuni na bajeti, na huko ndiko ninakoelekeza macho. Ninachokiomba kinaingia katika mstari mmoja wa bajeti: kila kifaa kitakachonunuliwa kwa fedha za umma kiende pamoja na mtu wa kupima mwili na nyumba, na pamoja na fungu dogo la mlango, kidato na choo, hata kwa mpangaji. Fungu la matengenezo ya miaka mitatu lifuate. Mwenye ploti atakayekubali apewe nafuu fulani, ada ya kaunti au kodi, ili asibaki akiuliza atafanyia nini rampu mpangaji akihama. Na kama pesa hazitoshi, afadhali viti vipungue lakini vile vitakavyotolewa vipite milangoni. Najua neno hilo ni gumu kwa aliye kitandani akisubiri. Mimi niliwahi kuwa mtu huyo, na bado nalisema.

Siku hizi napigiwa simu. Ilianza na jirani, ikafika Umoja, ikafika Huruma. Mtu amepata kiti au mtoto wake amepata, anataka fundi aje atazame. Naenda na tepu, pimamaji na daftari, kijana wangu ananisukuma pale lami inapoisha. Nikimaliza ninawaandikia orodha ya vifaa vya kununua na majina ya wenzangu wawili wanaoweza kumwaga zege bila kupunja mteremko.

Jumamosi hii ni zamu ya mama mmoja wa Kariobangi Kusini. Binti yake ana miaka tisa, kiti kinaletwa Jumatatu. Ameniambia kwa simu kwamba mlango unatosha, ameupima kwa shubiri. Nimemwomba awapigie wanaoleta kiti awaulize upana wake, kutoka duara hadi duara, anitumie kwa meseji. Amenitumia sasa hivi: 24. Na mlango, nimemuuliza, ukiwa umefunguliwa? Bado anapima.